Hatua Mia Moja na Arobaini kutoka Jiwe Jeusi

Kazi yangu ni kupima viwanja. Sikuisomea. Shule niliiacha mapema, na mengi ninayoyajua niliyapata katika kitabu kimoja cha jiometri, cha Kifaransa, kisicho na jalada, nilichokinunua sokoni Nyakasanza nikiwa kijana. Baadaye mpimaji mmoja mzee aliniruhusu nimshikie kamba, na alipokufa watu wa mtaa wakaanza kuniita mimi.

Kila anayenishikia kamba namfundisha kwanza jambo moja: usianze kupima kutoka kwenye kitu kinachoweza kuhama. Mti hukatwa. Nyumba huungua. Njia ya miguu husogea kila msimu wa mvua. Tafuta mwamba, au pembe ya ukuta wa mawe, uanzie hapo. Sijawahi kumwambia mtu kwamba mimi mwenyewe nilijifunza hilo kwa kukosea.

Baba yetu alifia kando ya Ziwa Albert, mwaka ambao sisi na majirani zetu tuliikimbia vita Bunia, mji wetu. Tulikuwa tumetembea siku mbili, tukapita Bogoro, tukashuka mlima mpaka Kasenyi, kisha tukafuata ufuko kwenda kaskazini, tukaipita Tchomia, mpaka kwenye kijiji cha wavuvi ambako tuliambiwa kuna mitumbwi ya kuvuka kwenda Uganda. Baba hakuvuka. Kuhara kulimshika asubuhi, na kesho yake saa sita mchana alikuwa amekwisha. Mimi na mwanamume mmoja nisiyemfahamu tulichimba kaburi kwa jembe lenye mpini uliovunjika. Udongo wa pale ulikuwa mweusi na mzito, na ulinata kwenye jembe. Mama alikaa kando na dada yangu, ambaye wakati huo alikuwa na miaka tisa.

Kabla hatujapanda mtumbwi nilipima. Kitabu changu cha jiometri nilikuwa nacho. Nilikuwa nimefika katikati yake, na nilijiona mtu anayejua kitu. Kwenye ukurasa wa mwisho niliandika: "Jiwe jeusi lenye ufa, ukingoni mwa maji. Kutoka pale, uso kwa korongo la mlimani, hatua 140. Kichwa upande wa mlima."

Nilianzia majini. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini, na jibu ni jepesi. Milio ya bunduki ilitoka upande wa mlima, na sote pale ufukoni tulikuwa tumeupa mlima kisogo. Tulitazama maji siku nzima, tukingoja zamu. Mtu akisema "hapa," alimaanisha karibu na maji au mbali na maji. Ziwa ndilo lililokuwa kitu pekee tulichokiamini.

Kwetu, mtu akifia ugenini na mwili wake usiweze kurudishwa, jamaa huenda kuchota udongo wa kaburi lake, upande wa kichwa. Udongo huo huletwa nyumbani na kuzikwa karibu na mlango. Siku hiyo ndiyo mjane hufungua kitambaa cheusi kichwani. Kabla ya siku hiyo hakifunguliwi, hata kama miaka ni mingi. Mama alibadilisha kitambaa kila kilipochakaa, lakini alibadilisha ndani, mlango ukiwa umefungwa, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuziona nywele zake zikigeuka nyeupe.

Kwa nini hatukwenda mapema? Tuliporudi Bunia, barabara ya ziwani haikuwa salama. Ikawa salama miezi michache, kisha ikaharibika tena. Mimi ndiye niliyepewa kazi ya kuamua, kwa sababu mimi ni mtu wa kuuliza na kulinganisha. Niliwauliza madereva wa malori, niliwauliza wanawake wanaopandisha samaki kutoka ziwani. Kila mwaka nilipata sababu moja nzuri ya kungoja. Kisha ikaja miaka ya mvua nyingi, ziwa likapanda, tukasikia kwamba vijiji vya ufukoni vimehama.

Mwaka huu daktari alituambia kwamba moyo wa mama umechoka, na kwamba kama familia ina jambo la kumtimizia, isikawie. Mama alikuwa amelala kwenye kitanda cha pale hospitalini, macho ameyafumba. Nilidhani hasikii.

"Papa," aliniambia, kwa maana hivyo ndivyo alivyoniita tangu baba afe, "weye unangojea barabara ipone. Barabara haina dawa. Mimi ndiyo naenda kuisha."

Tuliondoka Jumamosi, jua lilipokwisha kutoka. Tulikuwa wanne: mama na dada yangu nyuma, mimi mbele na shemeji yangu, mume wa dada, ambaye gari lilikuwa lake na ambaye siku nyingine hulifanya taksi mjini. Kati ya mama na dada kulikuwa na beseni jipya, jeupe, lenye maua mekundu. Mimi nilikuwa na kitabu cha jiometri, kamba yangu ya kupimia ya metre hamsini, na jambo moja ambalo sikuwa nimewaambia.

Nilikuwa nimepiga hesabu. Watu walisema maji yamepanda kimo cha mtu, au karibu. Kimo cha mtu si kitu kikubwa kwenye ukuta. Lakini mimi nimepima viwanja vya mabondeni, na ninajua kwamba mahali palipo tambarare, metre moja ya kwenda juu inaweza kumeza metre mia za kwenda mbele. Uwanda ule kati ya mlima na ziwa ulikuwa tambarare kama meza. Niliikunja karatasi ya hesabu nikaiweka kitabuni. Nilijiambia kwamba sina vipimo vya kutosha, na kwamba mtu asiseme asichokiona.

Baada ya Bogoro ardhi inakatika. Unakwenda katikati ya nyasi na ng'ombe, kama popote kwenye nyanda zetu za juu, kisha nyasi zinakwisha, na chini yako, mbali sana, kuna ziwa. Asubuhi ile lilikuwa na rangi ya bati kuukuu. Ng'ambo milima ya Uganda ilikuwa mstari mwembamba tu. Barabara imechongwa kwenye ubavu wa mlima. Upande mmoja ni mwamba mwekundu unaodondosha mawe, upande wa pili hakuna kitu. Kwenye kona ya tatu tuliona chini fremu ya lori, imeliwa na kutu, na mti mdogo umeota pale palipokuwa injini.

"Gari hii kushuka inajua," shemeji alisema, miguu yake yote miwili ikiwa kwenye breki. "Kupanda ndiyo inaanza kusali."

"Inasali katoliki ao protestanti?" dada aliuliza.

"Inasali lugha zote. Ikifika juu inasema haleluya, maji yote imeisha."

Mama alicheka kidogo. Kisha akagonga kioo kwa kidole.

"Hapa. Hapa ndiyo niliacha sufuria."

Hapakuwa na kitu pale isipokuwa jiwe kubwa na majani.

"Tusimame tuitafute, mama?" shemeji alisema.

"Acha. Ilikuwa na maharagwe ndani. Sasa itakuwa imeiva."

Tulicheka sote wanne, na nadhani ndicho kicheko cha mwisho cha siku ile.

Chini ya mlima joto lilitupiga usoni. Kabla ya Kasenyi kulikuwa na bariyeri, kamba iliyofungwa vitambaa vya plastiki, na askari mmoja kijana mwenye macho mekundu. Aliinama akatazama nyuma.

"Munaenda wapi na beseni mupya hivi? Kuko ndoa?"

"Naenda kuchukua bwana yangu," mama alisema.

"Bwana yako iko wapi?"

"Iko ndani ya udongo."

Askari alimtazama, akakitazama kitambaa chake. Alishusha kamba mwenyewe. "Pita, mama. Pita tu."

Kutoka Kasenyi tuliligeukia ziwa, na hapo nilianza kujua kwamba hesabu yangu ilikuwa sahihi. Matete yalikuwa yameota ndani ya nyumba. Miti mikavu ilisimama majini, mingi, myeupe, na kwenye kila mmoja ndege weusi wamekaa mabawa wazi. Niliona ukuta mmoja wa shule, ubao mweusi ukiwa bado juu yake, mawimbi madogo yakipiga chini ya ubao. Barabara ya zamani iliingia majini moja kwa moja kama iliyopotea, na magari yalikuwa yametengeneza nyingine juu yake, karibu zaidi na mlima. Baada ya Tchomia hata hiyo ilibana. Mlima ulisogea, mawe makubwa kama vibanda yakiwa yameanguka hadi njiani, na kwa muda mrefu tulikwenda gurudumu moja likiwa kwenye mawe na jingine majini. Shemeji hakutania tena. Mara mbili mimi na dada tulishuka kuondoa mawe. Mara ya pili dada alinishika mkono nyuma ya gari, mama asisikie, akaniita yaya, kama tunavyomwita kaka mkubwa.

"Yaya, weye ulijua?"

"Nilipiga hesabu."

"Na ukanyamaza."

"Sikuwa na hakika."

"Weye na mametre yako," alisema, akarudi garini.

Korongo nililitambua mara moja. Halijabadilika: mpasuko mrefu kwenye mlima, wenye mstari mweupe wa maji katikati. Mama pia alilitambua. Alisema kwamba siku ya mazishi, akiwa amekaa kando ya kaburi, alikuwa akitazama ule mstari mweupe ili asitazame jembe. Lakini uwanda uliokuwa mbele ya korongo, ambao niliukumbuka kuwa mpana, sasa ulikuwa ukanda mwembamba wenye vibanda sita vya matete na vichanja vya samaki. Kijiji cha zamani hakikuwepo. Mahali pake palikuwa maji, tulivu, yenye rangi ya chai.

Mwanamke mmoja alikuwa akigeuza makayabu juani, samaki waliopasuliwa na kutiwa chumvi. Tulimsalimu, tukamweleza. Nilimsomea maneno yangu kutoka kitabuni. Alisikiliza mpaka mwisho, mikono imejaa chumvi.

"Jiwe ile yenye ufa? Iko ndani," alisema. "Siye tunaijua na nyavu. Nyavu inakwama kule." Alionyesha kwa kidevu. "Na kule vilevile inakwama. Kumoja ni jiwe, kumoja ni nyumba ya mwalimu, ilianguka. Bwana yangu anasema jiwe ni ile ya kuume. Kaka yake mukubwa anasema ni ile ya kushoto. Wanabishana kila siku."

"Hakuna mtu aliyeingia kuangalia?"

"Wanaume wanapenda kubishana kuliko kulowa, papa."

Mume wake alikuja na mtumbwi. Nilifanya kazi kama ninavyoifanya kila siku, na nakiri kwamba kwa saa moja ile nilitulia. Tulikwenda kwanza mahali pa kuume. Alichoma upondo chini mpaka ukagonga kitu kigumu. Niliingiza mkono, sikufika. Inaweza kuwa jiwe. Inaweza kuwa ukuta. Tukafunga kamba kwenye upondo, tukaelekeza mtumbwi kwenye korongo. Hatua yangu ni sentimita sabini na tano, nimeipima mara nyingi. Hatua mia moja na arobaini ni metre mia moja na tano: kamba nzima, kamba nzima tena, na metre tano. Pale niliruka. Maji yalinifika kifuani. Nilizama nikachota kwa mikono miwili. Kisha tukafanya vilevile kutoka mahali pa kushoto.

Mara zote mbili nilitoka na kitu kilekile: mchanga mweupe, msafi, uliochanganyika na vipande vya makome. Nilizama tena, nikachimba kwa vidole mpaka kwenye kiwiko. Mchanga. Ule udongo mweusi ulionata kwenye jembe haukuwepo. Mawimbi ya miaka yote ile yalikuwa yameuondoa na kuleta kitu kingine mahali pake, na alichokuwa amefunikwa nacho baba yetu kilikuwa sasa popote ziwani.

Niliweka mchanga wa mahali pa mwisho kwenye beseni, nikarudi. Mama alikuwa ameketi kwenye jiwe, miguu imevimba, viatu vimewekwa kando kwa utaratibu. Dada alikuja mbio kunipokea majini, akanong'ona haraka:

"Yaya, sema ni yake. Sema tu. Anafungua kitambaa, tunaenda nyumbani."

Nilisikia. Sitaki kusema kwamba sikuelewa alichokuwa akiniomba.

Mama alitia mkono kwenye beseni. Aliuacha humo muda mrefu. Kisha akaniuliza, bila kuinua kichwa:

"Ni ya kichwa?"

Nilimweleza. Nilimweleza kuhusu sehemu mbili na kuhusu upondo, nikamweleza kwamba huenda ni moja kati ya zile mbili na huenda si yoyote, na kwamba mchanga ule umeletwa na mawimbi. Niliongea kama ninavyoongea na wenye viwanja wanaogombania mpaka. Dada aligeuka akatazama mlima.

"Sikuuliza metre," mama alisema. "Nimeuliza, ni yeye?"

"Siwezi kuapa, mama."

Alitoa mkono, akaupangusa kwenye kitenge, kidole kimoja kimoja.

"Basi rudisha. Nisizike muchanga ya watu wengine mulangoni kwangu."

Nilirudi majini mpaka magotini, nikamwaga. Nilipogeuka dada alikuwa ameinama ufukoni, akinawa miguu, hivyo ndivyo nilivyodhani. Yule mwanamke wa makayabu alitufungia samaki watatu kwenye jani, akakataa kupokea chochote. Gari lilipanda mlima polepole, likisimama mara nne lipoe. Mama alilala njia nzima, au alifumba macho. Beseni lilikaa mapajani mwa dada, tupu, likigonga mlango kwenye kila shimo.

Hakuna aliyenilaumu kwa maneno. Mama hata alinishukuru, siku iliyofuata, kwa kumpeleka. Lakini kitambaa kilibaki, na akaanza kulala nacho mchana kutwa, ameugeukia ukuta. Dada alipokuja kumwosha alinipita uani bila kunisalimu. Nilikuwa nimesema kweli. Niliichunguza kweli ile kila upande, kama ninavyochunguza pembe ya kiwanja isiyokubaliana na hesabu, na sikuona kosa ndani yake. Kosa lilikuwa la zamani zaidi, la kijana aliyeegemea maji, na la mtu mzima aliyengoja barabara mpaka ziwa likamtangulia.

Mama alikufa mvua za kwanza zilipoanza, alfajiri, nyumbani.

Wakati wa kumwandaa, wanawake wa familia walisimama juu ya kichwa chake na hawakujua la kufanya. Shangazi yetu mkubwa, dada yake baba, alisema kitambaa hakifunguliwi; udongo haukuja, basi aende nacho, aende mjane. Wengine walisema ni aibu, mwanamke mzee kuzikwa na matanga kichwani. Mimi nilikuwa mlangoni, nimekuja kuuliza vipimo vya jeneza.

Dada yangu alitoa ndani ya nguo zake mfuko mdogo wa plastiki uliofungwa fundo. Ndani kulikuwa na mchanga mweupe wenye vipande vya makome.

"Udongo huu hapa," alisema.

Shangazi alichukua mfuko, akauinua kwenye mwanga. Ni mwanamke aliyekulia nyanda za juu, makome hakuyajua. Hakumuuliza dada. Alinigeukia mimi, kwa sababu mimi ndiye mpimaji, na kila mtu mtaani anajua kwamba sisemi nisichokipima.

"Iko ya wapi hii?"

Dada hakunitazama. Alikuwa ameshika mkono wa mama, ule ambao mama alikuwa ameutia kwenye beseni.

"Ni ya kichwa chake," nilisema. "Hatua mia moja na arobaini kutoka jiwe. Nilipima mimi mwenyewe."

Shangazi aliitikia kwa kichwa, akatoka na mfuko. Nilichimba shimo kando ya mlango, dogo, la kina cha mkono mmoja. Tuliumwaga mchanga wote, nikaufukia, nikashindilia kwa kisigino. Kisha wanawake walirudi ndani, na mara hii mlango haukufungwa. Dada aliinama kufungua kitambaa. Fundo lilikuwa limekazwa sana, vidole vyake vikashindwa. Ilibidi alifungue kwa meno.